Mstari Wangu Ulikuwa Mfupi

Nilisoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Lakini mashine ya kusaga pale kijijini kwetu, upande wa Mbuji, ni yangu, na wenye vyeti wote huleta mahindi kwangu. Naliweka hili mbele ili asije mtu akadhani naandika kwa kujuta.

Nilizaliwa ziwani, karibu na Chiwanda. Nilipanda huku milimani na mzigo wa usipa mkavu kichwani, dagaa wa kwetu, nikauza, nikaoa, nikapanda kahawa. Miaka ishirini ikapita. Hata hivyo, kila nilipohitaji barua ya kupeleka wilayani, mwenyekiti wa kijiji aliandika jina langu, kisha "mkazi wa muda", kisha akagonga muhuri. Watoto wangu saba walizaliwa ndani ya muda huo.

Kwa hiyo vyama vingi viliporuhusiwa, nikagombea uenyekiti. Wagombea husema wanataka maendeleo. Mimi niliutaka ule muhuri, nijiandikie mwenyewe kuwa ni mwenyeji. Zamani mwenye mashine aliitwa mnyonyaji na hakupewa hata uongozi wa kwaya. Sasa vyama viwili vilinifuata kwa "Shikamoo mzee", nikachukua kile ambacho kofia yake ilinienea.

Mpinzani wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa pale pale mlimani, mtu wa ukoo mkubwa na maneno laini.

Siku ya uchaguzi tulikusanyika uwanja wa shule. Kabla ya kura yakaja maswali. Akasimama bibi mmoja, shangazi yake mke wangu.

"Wewe mla muhogo wa ziwani, tukikupa muhuri si utaupeleka kwenu Mbamba Bay ukaukaange kama usipa?"

"Shikamoo shangazi. Nitaukaanga, na kichwa nitakuletea wewe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakuniitikia. "Ngolo unaijua, au unajua kula tu kinachotoka humo?"

Ngolo ni yale mashimo tunayolima mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo. Mwalimu akaona nafasi yake. Akavua koti, akachukua jembe, akaingia shamba la shule lililokuwa pembeni, bado lina nyasi.

"Mimi siulizwi," akasema. "Mimi ni mtoto wa hapa."

Akaanza kuchimba. Wanawake wakaangukiana kwa kicheko. Kwenye ngolo mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba. Mwanamke ndiye anayechimba katikati na kuzifukia. Mwalimu, aliyeshika chaki maisha yake yote, alikuwa akifanya kazi ya mke wake, tena kabla ya nyasi kulazwa.

"Mwalimu," akaita mmoja, "na mtoto tukufunge mgongoni?"

Nikachukua fyekeo. Nikafyeka, nikalaza miraba minne iliyonyooka. Kazi hiyo mama mkwe wangu alinifundisha kwa miaka mitatu ya matusi. Shangazi akasogea, akatazama kwa karibu.

"Amelaza vizuri," akasema. "Kuliko huyu wa kwetu."

Nikajua nimeshauchukua muhuri.

Msimamizi akatuambia tusimame mbali mbali na kila mtu apange mstari nyuma ya anayemtaka. Basi watu wakaondoka, bado wanajifuta machozi ya kicheko, wakaenda kusimama nyuma ya Mwalimu, ukoo kwa ukoo. Chama hakuna aliyekiuliza. Wa kwanza alikuwa shangazi. Nyuma yangu walisimama fundi wangu wa mashine, wachuuzi wawili wa samaki, na mlevi mmoja aliyedhani pombe inagawiwa.

Nikamtafuta mke wangu. Alikuwa katika mstari wa Mwalimu, katikati ya kaka zake wawili, anatazama miguu yake.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kwa nini.

"Baba watoto," akasema, "mama yangu mgonjwa. Akifa, jeneza litabebwa na chama chako?"

Nikamfuata nyuma hadi nyumbani.

Wiki iliyofuata Mwalimu akaja mashineni na debe la mahindi kwenye baiskeli, akataka kupita mbele.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "hapa kuna mstari."

Akasimama nyuma ya wanawake. Zamu yake ilipofika nikamwomba barua, maana sasa hata sisi watu binafsi tuliruhusiwa kununua kahawa na nilitaka leseni. Akaandikia juu ya mzani, akagonga muhuri uliotoka mfukoni mwa koti. Mimi husoma polepole, kwa kidole. Kidole kikafika: mkazi wa muda.

"Mwalimu, hata baada ya ile ngolo?"

"Ndugu yangu, uliilaza vizuri sana. Lakini nikiandika vingine, wale waliopanga mstari wataniuliza."

Nikamsagia. Pumba nikabaki nazo.

Siku hizi nimezeeka, na kaburi langu nimeshawaonyesha shemeji zangu litakapochimbwa: mteremkoni juu ya mashine, penye mibuni. Nitakaa hapo kwa muda.