Kigelegele cha Mama Ignas

Wanawake wa Ushirombo tuna kazi moja ambayo hakuna aliyetupa: harusini tunaangalia nani amepiga kigelegele na nani amenyamaza. Chakula tunaweza kukisahau, gauni la bibi harusi tunaweza kulisahau, lakini mdomo uliokaa kimya tutaukumbuka mpaka wajukuu wazaliwe. Anisia, ambaye majirani tunamwita Mama Ignas, alikaa kimya katika kila harusi tangu usichana wake. Alicheza, alipiga makofi, alisimamia masufuria ya pilau bila kulalamika. Kigelegele hakupiga hata kimoja.

Sisi tulishamzoea. Anauza michembe sokoni, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikauke, na anauza kimyakimya hadi mteja ndiye anayebembeleza. Matamshi yake yalikuwa mazito kidogo, hasa penye r, lakini katika sehemu ambayo nusu ya watu wanaichanganya r na l tangu utotoni, nani angejua kwamba huyu ana sababu nyingine? Hata nyama iliyonasa kwenye jino la nyuma aliitoa kwa kidole. Tukaona ni tabia.

Shida ilianza pale kijana wake Ignas, anayepakia mizigo kwenye malori Isaka, alipomwoa Vaileth, binti wa Kolandoto. Sherehe ilifanyika ukweni, na wachache wetu tulisafiri. Bibi harusi alipotoka kanisani wanawake walilipuka kwa vigelegele, kisha wakanyamaza makusudi ili wamsikie mama wa bwana harusi. Anisia akafungua mdomo, akaufunga, akapiga makofi.

Eunice, mama yake Vaileth, alikuwa amesimama karibu naye. Siku ile hakusema kitu. Alianza kesho yake, na hakuacha. Mama asiyemfurahia mke wa mwanawe mlangoni mwa kanisa, atamfurahia wapi? Yule ana kijicho. Na huku kwetu kijicho si neno la mzaha. Mwanamke wa umri wa Anisia akishaitwa hivyo, watu huanza kumhesabia hata vifo vya kuku.

Kisha Vaileth akajifungua mtoto wa kike kwao Kolandoto, na mtoto akashindwa kunyonya. Alishika titi, akaliachia, akalia, akashika tena. Chuchu za mama yake zikachanika, uzito wa mtoto ukashuka. Eunice alikuwa na majibu mawili: ama mtoto akakatwe kimeo kwa bibi mmoja wa jirani, ama ni jicho la yule wa Ushirombo. Anisia alipofika na furushi la michembe na khanga mpya, Vaileth alimwamkia shikamoo kama inavyotakiwa, halafu akamfunika mtoto uso.

"Ngoja kwanza, mama, amelala," alisema. Mtoto alikuwa analia.

Nadhani hayo yalimuuma kuliko maneno yote ya Eunice. Anisia hakugombana. Alikaa mkekani akachagua mchele, na alichosema ni kimoja tu, kwamba mtoto asipelekwe kwa mkata vimeo, apelekwe hospitali. Hapo Eunice akapata la kuongeza: sasa anazuia hata tiba! Lakini Vaileth alikuwa amechoka na matiti yanamuuma. Akaenda hospitali, mama zake wote wawili wakimfuata. Ya huko nayasimulia kama Vaileth mwenyewe alivyotusimulia.

Nesi aliyewapokea aliitwa Rebeka. Alianza kwa kumwonyesha Vaileth namna nyingine ya kumpakata mtoto, kwa kuwa mara nyingi, alisema, tatizo huishia hapo. Halikuishia. Ndipo akavaa glavu na kupitisha kidole chini ya ulimi wa mtoto. Mtoto alilia kwa nguvu, lakini ulimi haukuinuka, na ncha yake ilikuwa imeingia ndani katikati kama kopa la karata.

"Ulimi wa huyu umeshikwa," akasema. "Mnaiona ngozi hii hapa chini? Kila mtu anayo, ila ya kwake ni fupi na imefika mpaka nchani. Hawezi kuuleta ulimi mbele akavuta maziwa. Wapo wanaozaliwa nayo fupi hivi na wananyonya vizuri, hao tunawaacha. Huyu ana njaa. Kwenu kuna mwingine wa hivi?"

"Kwetu hayupo," Eunice akadakia.

Anisia akafungua mdomo. Alijaribu kutoa ulimi, ukaishia kwenye meno ya chini, ncha imeingia ndani vilevile. Rebeka akainama kuangalia, na Vaileth naye akainama.

"Si nilisema?" Eunice akapiga kofi. "Si nilisema limetoka kwake?"

"Limetoka kwenye damu, mama, kama mtu anavyorithi pua," Rebeka akamjibu. "Halikutoka kwenye jicho."

Vaileth alikuwa bado anautazama mdomo wa mama mkwe wake. "Mama, kumbe ndiyo maana siku ile hukupiga?"

"Ningepiga na nini, mwanangu?"

Daktari aliwaeleza kwamba ni kukata mara moja kwa mkasi safi, damu kidogo, kisha mtoto apewe titi palepale. Alihitaji tu mtu wa kumshika kichwa kisitikisike. Vaileth hakuweza. Eunice alikwishafika mlangoni.

"Amshike bibi yake wa Ushirombo," Vaileth akasema.

Hivyo ndivyo Anisia alivyompakata mjukuu wake mara ya kwanza, akimshikia akatwe. Machozi yalimtoka lakini kichwa cha mtoto hakikutikisika. Mtoto alilia, akawekwa kwenye titi, akahangaika kama kawaida yake, halafu akavuta. Vaileth alikuwa amekunja uso akingoja maumivu, na hayakuwa yale.

Daktari akamwambia Anisia kwamba naye anaweza kutengenezwa. Kwa mtu mzima ni sindano ya ganzi, kukata na kushona, kisha mazoezi ya kila siku, maana ulimi uliozoea kulala haujui kwenda popote. Hakumwahidi kitu. Sisi majirani tulimshauri aachane nayo. Umri wote huo, ulimi wa nini tena, kwani hali chakula? Alitusikiliza kwa heshima, akaenda.

Alirudi mdomo umevimba, akaishi kwa uji. Baadaye tukaanza kumwona nyuma ya meza yake sokoni akitoa ulimi, akiupeleka kulia na kushoto, akiubandika juu. Watoto waliopita walidhani anawazomea, nao wakamzomea. Mjukuu akabatizwa, Eunice akaja na kupiga vigelegele vya watu watatu huku akimtazama kwa pembeni. Anisia akapiga makofi. Tukaona basi, imeshindikana.

Kisha mchana mmoja wa siku ya kazi, hakuna harusi wala ubatizo, kigelegele kikatoka uani kwa Mama Ignas. Kilianza kwa kukwaruza, kikakatika, kikarudi, kikapanda. Kwetu kigelegele cha uani ni habari: mtoto amezaliwa au mchumba ameletwa. Tukaacha masufuria motoni, tukakimbia, wengine bila kandambili. Tulimkuta peke yake katikati ya michembe aliyoianika, anahema.

"Kuna nini, Mama Ignas?"

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Ignas ameoa," akasema.