Shimo la Mlangoni Petu

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya udongo mbichi ukipigwa ndani ya kalibu. Pu. Kisha kimya kidogo, mtu akilainisha juu kwa kiganja chenye maji, halafu kalibu inanyanyuliwa na tofali linabaki chini likimeta. Mwezi wa nane na wa tisa, upepo mkavu ukisukuma vumbi kutoka kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, huku Malawi, ilijaa sauti hiyo, pu, pu, tangu asubuhi hadi jua lipoe. Kila aliyefika alifyatua matofali yake mwenyewe, na kila aliyefyatua alichimba udongo palepale alipotaka kujenga. Nani angebeba udongo kutoka mbali, na hali amefika jana na miguu imevimba? Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na pacha wake: nyumba juu, shimo kando. Mama alipenda kutania kwamba ukitaka kujua nyumba ya mtu ina ukubwa gani huna haja ya kubisha hodi, chungulia shimo lake tu.

Letu lilikuwa hatua sita kutoka mlangoni. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Ombeni alikuwa na mitatu, na Mama alikuwa fundi cherehani aliyetoka Bukavu na sisi wawili, mkasi mmoja, na futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Baba alikuwa amefariki kabla hatujaondoka. Wakati wa kiangazi shimo lile lilikuwa uwanja wetu. Tuliteleza kwenye kingo zake kwa makalio mpaka Mama akachoka kutia viraka. Lakini mvua zilipoanza, mwezi wa kumi na moja, lilijaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na maji hayo yalikaa nasi hadi mwezi wa nne. Vyura walihamia. Mbu walihamia pia, na wao hawakuimba tu. Kila masika Ombeni alishikwa na homa, akatetemeka, akapona, akashikwa tena. Mama alimfunga mgongoni akaendelea kushona, cherehani ikienda na mtoto akilia. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe, lakini nadhani hawakumwona Mama mwezi wa pili.

Msomaji atauliza kwa nini hakulifukia. Sisi watu wa kambi hatukuuliza, kwa sababu jibu tulikuwa nalo vinywani. Tulikuwa tunapita. Karibu na ofisi kulikuwa na ubao wa matangazo, na kwenye ubao huo yalibandikwa majina ya walioitwa kwa ajili ya safari ya kwenda kuishi nchi za mbali. Mama aliupitia kila Jumatatu, hata siku ambazo hakuwa na shughuli upande ule. Mtu anayesubiri jina lake hafukii shimo, hapaki ukuta chokaa, na zaidi ya yote hapandi mti. Tulipanda lengalenga, ile mboga ambayo wengine huiita mchicha, kwa kuwa unaichuma baada ya wiki chache na hata ukiitwa ghafla huachi kitu cha kulilia. Rafiki yangu Riziki, ambaye jina la baba yake lilitoka mwezi wa saba mwaka ule, ndiye aliyenieleza sheria yenyewe siku moja kabla hawajaondoka. Aliyepanda mti amemwambia Mungu kwamba ameridhika, na Mungu naye humpa nafasi mwingine. Baba yake, alisema, hakuwahi kupanda hata kitunguu. Nilimwamini kabisa. Nilitaka kumfuata Riziki kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Mtu aliyekuja kuvuruga sheria hiyo alikuwa jirani yetu Mama Asumani. Alitoka Kindu, aliuza samaki wakavu, na sauti yake ilifika mahali kabla ya miguu yake. Watu wa mstari wetu wa nyumba walimchagua awe msemaji wao, labda wakitumaini kwamba akipata kazi atapunguza maneno. Wapi! Alichukua kamba ya katani akapita nyumba kwa nyumba, akipima umbali kutoka kila shimo hadi kila mlango, hadi kila choo, hadi bomba la maji. Halafu akatuita sote uwanjani na kutuonyesha alichokichora kwa mkaa nyuma ya boksi la samaki. Kambi inakua, alisema, na kila mwaka tunaikuza kwa kujichimbia makaburi. Alitaka udongo wa matofali uchimbwe sehemu moja tu, ng'ambo ya uwanja wa mpira, ambako alikuwa amekwisha kuzungumza na mkuu wa kijiji cha jirani. Mashimo ya zamani yajazwe mabua, majivu na takataka za jikoni, juu yake zipandwe ndizi, na maji ya kuogea, badala ya kukatiza njia na kunuka, yaelekezwe humo kuzinywesha. Akamalizia kwa kutukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na akauliza nani hapa bado yuko siku ya pili. Watu walicheka kwa aibu. Mama hakucheka.

"Mi sipande muti hapa, Mama Asumani," alisema. "Tuko bapita njia."

Mama Asumani alimtazama Ombeni mgongoni mwa Mama, kisha akamtazama Mama mwenyewe. "Na mbu nayo inajua kama muko bapita njia?"

Mkutano uliisha, wengine wakaanza kujaza mashimo yao wiki ileile, wengine wakabaki wanatazama kwanza wenzao watafanyaje. Mama alikuwa miongoni mwa watazamaji, tena mwenye kununa. Alisema Mama Asumani anapanga maisha ya watu kama anavyopanga samaki kwenye meza. Mimi nilimuunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu zangu za Riziki.

Mvua mbili za kwanza zilitosha. Maji ya shimoni hayakuwa yamefika hata magotini Ombeni alipoanguka kwa homa, na safari hii haikuwa ile homa tuliyoizoea. Macho yalimgeuka. Mama alipanda kabaza, baiskeli ya kukodi, Ombeni mapajani, na mwendesha baiskeli akakanyaga matopeni hadi zahanati bila hata kutaja nauli. Nilibaki kwa Mama Asumani siku nne. Alinilisha nsima, ugali wa huku, na samaki, na hakusema neno hata moja kuhusu shimo. Kwa mtu kama yeye nadhani ile ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Siku ya tano Mama alirudi akiwa amembeba Ombeni, mwepesi, lakini hai. Alimlaza ndani. Kisha akatoka, akavua futi shingoni, akashuka shimoni na sketi yake ya kanisani, akalipima: urefu, upana, kina. Alilipima kama anavyompima mteja, akinung'unika tarakimu. Alipomaliza akaenda kwa Mayi Phiri.

Mayi Phiri alikuwa mkulima wa kijiji cha jirani, mwanamke kijana mwenye shamba la mahindi na soya, na kando ya kijito alikuwa na migomba. Mama aliwashonea watoto wake sare za shule. Mayi Phiri alikuwa mcheshi, na kichekesho chake kikubwa kilikuwa sisi, watu tunaochimba shimo mlangoni kisha tunaliacha wazi kama kaburi ambalo mwenyewe hajafika. Alitupa mabua yote tuliyoweza kubeba, na maganda ya karanga, na miche miwili ya migomba iliyofungwa kwa majani yake yenyewe. Mama alisema zikomo, asante ya Kichewa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tulibeba mabua siku tatu, tukayakanyaga shimoni pamoja na majivu na udongo wa ukuta uliobomoka, na Jumamosi jioni Mama akapanda miche yote miwili. Alipanda bila kunitazama. Mimi nililala nikiwa nimekasirika hadi vidole vya miguu.

Kesho yake nilisema tumbo linaniuma. Walipokwenda kanisani, nyimbo zilipoanza kusikika kutoka upande wa pili wa barabara, nilitoka nikaishika migomba ile mmoja mmoja na kuing'oa. Haikushindana nami. Niliitupa nyuma ya bafu la mabua, nikasawazisha udongo kwa mguu, nikarudi kulala na tumbo ambalo sasa kweli liliuma. Sikujiona mwovu. Nilijiona nimetuokoa sote, na kwamba siku jina litakapotoka Mama angenishukuru.

Mama aliigundua kabla ya kuvua viatu. Mizizi ilikuwa bado na unyevu. Aliketi ukingoni mwa shimo na viatu vyake vizuri vikiwa matopeni, akaniita, akaniuliza taratibu kama ni mimi. Nilimweleza yote, Riziki, kitunguu, Mungu na ubao. Nilingoja kofi. Badala yake nilimwona Mama akifuta uso kwa ncha ya futi, nami nikaogopa zaidi, kwa sababu Mama yangu hakuwa mtu wa kulia mchana. Kisha akasimama, akachukua jembe lililoegemea ukutani, akanipa.

"Chimba, Feza."

Nilichimba. Yeye aliushika mche wima, mimi nikarudishia udongo, kwanza mmoja, kisha wa pili. Tulipomaliza alikanyaga kuuzunguka mzizi kwa kisigino, akasema polepole, labda akijiambia mwenyewe: "Jina ikitoka, tutaenda. Isipotoka, tutakula."

Mkungu wa kwanza tuliukata mwaka wa pili, mvua zilipokaribia kurudi. Sitadanganya kwamba homa iliisha. Mbu wana makwao mengi. Lakini shimoni hapakuwa tena na maji, Ombeni alipitisha masika mazima akikimbia na watoto wenzake, na mstari wetu wa nyumba uligeuka kijani kiasi kwamba watu wa sehemu nyingine walitumia migomba yetu kuelekezana njia. Na jina? Lilitoka. Halikuwa letu. Lilikuwa la Mama Asumani, mwanamke aliyepanda migomba mingi kuliko mtu yeyote kambini. Alisafiri akilia, si kwa sababu ya kutuacha, alisema, bali kwa sababu mkungu wake mkubwa ulibakiza wiki mbili tu kukomaa. Ungedhani hapo ningepona. Kichwa kilielewa, ila moyo haukuelewa. Miaka mingi nilibeba dhana kwamba jina letu halikutoka kwa sababu migomba yetu ilipandwa mara mbili.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Lilongwe, nikakaa mtaa wa Area 36, nikashona mapazia. Wateja wangu wengine walikuwa Area 18, mitaa iliyopimwa kabla ya kujengwa, yenye mifereji inayojua inakoelekea na miparachichi kando ya ua. Nilikuwa napima madirisha yao kwa futi huku nikiwaza kwamba mpango ni kazi ya mtu anayeamini kesho itamkuta palepale. Halafu nilirudi kwangu, ambako nilipanga chumba miaka minane, na katika miaka hiyo minane nilipanda lengalenga kwenye ndoo. Kuishi kwingi kuona mengi, lakini kujiona mwenyewe huchelewa. Agizo lilipotoka kwamba wakimbizi wa mjini turudi kambini, nilifunga cherehani, ndoo na watoto wawili, nikarudi kwenye nyumba ileile. Migomba, vitukuu vya ile miwili, ilikuwa imezunguka shimo lote. Katika miezi ile ya kwanza, kabla sijapata wateja, ndizi zake ndizo zilizowalisha wanangu.

Jioni moja nilimuuliza Mama kuhusu lile lililonisumbua. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia kwamba baada ya kupanda hakuupitia ubao kwa miezi mitatu, kwa hofu. Alikuwa anaiamini sheria ile kuliko nilivyoiamini mimi. Riziki aliipata kwa baba yake, na baba yake aliipata kwa Mama. Nilimuuliza kwa nini basi alipanda, tena mara mbili. Alinijibu kwamba kule zahanati kitanda cha jirani kilikuwa na mtoto aliyelingana na Ombeni, na mama yake aliondoka na khanga tupu. Hakuwahi kunisimulia hilo kabla ya hapo.

Sasa kambi imebanana kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na boksi la Mama Asumani lililiwa na mchwa zamani. Watu wamesahau ng'ambo ya uwanja wa mpira. Mwezi wa nane uliopita niliisikia tena sauti ile, pu, pu, mlango wa tatu kutoka kwetu. Binti mmoja aliyefika karibuni alikuwa akichimba hatua sita kutoka alipotaka kulala. Mvua zilipokaribia nilimpelekea mche uliofungwa kwa gunia bichi, nikamweleza habari za mbu na maji ya kuogea. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Aksanti, dada. Lakini siye tuko bapita njia." Sikubishana naye. Niliuacha mche ukingoni mwa shimo lake, kivulini, nikarudi nyumbani.

Mama alikuwa ameketi chini ya majani ya migomba, futi shingoni ingawa macho hayatungi tena uzi. Aliniuliza binti amesema nini, nikamwambia.

"Iko na batoto?"

"Wawili."

"Basi atapanda," alisema Mama.

Jina letu halijatoka hadi leo. Mama alinyoosha mkono, akaniomba ndizi nyingine.