Mrija wa Kaka Yangu

Mwezi wa kwanza unanitia kichefuchefu. Ikifika tarehe mbili hivi, simu yangu inajaa jumbe za watu wazima wanaoambiana kwamba huu ni mwaka wa kupaa, mwaka wa kung'ara, mwaka wa kuvuka mto, na kila ujumbe una picha ya jua linalochomoza nyuma ya mlima ambao hauko Kigoma. Wanaotuma ni wastaafu wenzangu hapa Kibondo. Mmoja wao magoti hayamruhusu kupanda ngazi tatu za benki, lakini anapaa.

Mwaka huu binti yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuja likizo ya Krismasi na zawadi. Nilitegemea shati. Ilikuwa daftari lenye jalada gumu, kila ukurasa umechapwa tayari: lengo langu, kwa nini nalitaka, nitalifikiaje, lini. Ukurasa wa mwisho una mahali pa kuweka sahihi, utadhani mtu anajikopesha mwenyewe.

"Baba, ujaze," alisema. "Wataalamu wanasema mtu asiye na malengo anazeeka haraka."

"Mimi nimeshazeeka, mama. Hilo lengo nimelifikia."

Hakucheka. Aliliacha daftari mezani karibu na dawa zangu za presha, na kila nikinyoosha mkono kuchukua kidonge nilikuwa nalishika lile jalada. Nilikasirika. Mimi si mtu wa kufundishwa kuandika malengo.

Nilikuwa bwana afya kwa miaka zaidi ya thelathini, Kasulu kwanza, kisha Kibondo, na Kakonko kabla haijawa wilaya. Kazi yangu ilikuwa kuingia kwenye nyua za watu na kukagua choo, kichanja cha vyombo, shimo la taka, na kibuyu chirizi cha kunawia. Fomu yetu ilikuwa na safu tatu: safi, wastani, chafu. Niliweka alama ya vema mahali panapostahili, mwenye nyumba akanichukia, nikaenda nyumba ya pili. Kazi hiyo ilinipa macho ambayo hayastaafu. Najua muuza maandazi gani hapa mtaani anajikuna kwapa kisha anashika unga. Najua fundi cherehani anayetia uzi mdomoni mwake na kuupitisha kwenye nguo ya komunyo ya mtoto wa watu. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kula na mimi ni kama kula mbele ya hakimu.

Basi, ili kumkomesha binti, nilitoa sanduku langu chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na daftari zangu za kazi, za kila mwaka, hata za baada ya kustaafu, na katika kila moja, ukurasa wa kwanza, nilikuwa nimeandika malengo ya mwaka na kuchora safu zangu tatu pembeni. Mwezi wa kumi na mbili nilijikagua na kuweka vema. Nilimwekea zote mapajani.

"Haya. Waambie wataalamu wako nilianza kabla hawajazaliwa."

Alizifungua moja moja, na mwanzoni alifurahi. Kupaka nyumba chokaa: safi. Kupunguza chumvi: wastani. Kusoma Biblia yote: chafu, nilikwama Mambo ya Walawi, ingawa ndicho kitabu pekee mle ndani kilichoandikwa na mtu mwenye akili ya bwana afya. Halafu binti akarudi nyuma, akafungua daftari tatu kwa pamoja, akaziweka sambamba.

"Baba, hii mbona iko kila mwaka? Namba moja. 'Kwenda Heru Juu.' Na kila mwaka chafu."

Nilihesabu naye. Daftari kumi na saba. Mwandiko ulikuwa unazidi kutetemeka, lakini maneno ni yale yale, na vema iko mahali pale pale. Nimewahi kuandikia watu onyo kwa kukaa na choo kibovu miezi mitatu. Nilijiangalia nikaona kinyaa.

Heru Juu ndiko nilikozaliwa, na ndiko anakoishi kaka yangu mkubwa. Ni mwendo mfupi kutoka Kasulu mjini.

Mwaka niliogombana naye kulikuwa na kipindupindu, na kunywa pombe kwa mkusanyiko kulikuwa marufuku. Kaka alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Wakwe walikuwa watu wa asili ya Burundi kutoka upande wa Mtabila, enzi hizo kambi ya wakimbizi ya pale ingali imejaa. Walikuja kwa miguu wamevaa nguo zao nzuri. Kaka aliweka katikati chungu cha pombe ya mtama chenye mrija mmoja. Akanywa yeye kwanza, ndivyo mwenye nyumba anavyofanya ili wageni wajue hakuna sumu wala kinyongo, kisha akampa mrija baba wa bwana harusi. Mrija ule unazunguka. Anayeukataa amekataa undugu.

Hapo ndipo nilipoingia, na sare yangu na mgambo wawili. Ningeweza kumwita kaka pembeni. Ningeweza kuanza na jirani yake, maana kule nako walikuwa wanakunywa. Nilianza na kaka makusudi, ili watu waone bwana afya hana upendeleo. Nikahutubia habari za mate. Nikasema mrija mmoja kwenye midomo kumi ni sawa na kulia chakula chooni. Kisha nikakisukuma chungu kwa buti, pombe ikatiririka mpaka kwenye viatu vya wakwe.

Wale watu walikuwa wameambiwa ni wachafu tangu siku walipovuka mpaka. Sasa waliambiwa tena, ukweni, na baba mdogo wa bibi harusi. Waliinuka, wakapiga makofi ya kuaga kwa adabu zote, wakaondoka. Ndoa ilifungwa baadaye kimya kimya, bila chungu.

Kaka hakunipiga. Alisema kwa Kiha, polepole, kwamba siku nitakayorudi pale nitakunywa kwa mrija wake, baada ya mdomo wake, na kama siwezi, nisirudi.

Sheria ilikuwa upande wangu, na kwa maradhi yale ningemwaga tena. Hilo silijutii. Kinachonichefua ni kwamba nilifurahi. Nilipokuwa nahutubia nilikuwa najisikia mrefu. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hao wahenga hawakuwahi kufunua shimo lililofunikwa miaka kumi na saba, mimi nimefunua, yananuka.

Na kilichonizuia kwenda si kiburi peke yake. Ni mrija. Nikifikiria kitu kimetoka mdomoni mwa mtu kinaingia mdomoni mwangu, koo linajifunga. Mtu mzima, mjukuu ninaye, na nimeshindwa kumwona ndugu yangu wa tumbo moja kwa sababu ya mate.

"Baba mkubwa haoni tena," binti alisema. Kumbe wamekuwa wakiwasiliana na yule bibi harusi wa siku ile. "Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Na chakula amekiacha. Dada anasema mvua hizi hatazimaliza."

Nikamwambia nitakwenda mwezi wa sita, barabara ikikauka.

"Barabara ni lami sasa, baba."

Alichukua lile daftari la jalada gumu, akaandika Heru Juu, na penye "lini" akaandika kesho. Nikaweka sahihi.

Kwenye mkoba nilitia kilo mbili za sukari, chupa ya maji, kipande cha sabuni na leso nyeupe. Kasulu stendi nilitaka kununua karanga, na yule mama akalamba kidole chake ili kufungua mfuko. Niliondoka bila karanga. Nyuma ya bodaboda, tukipanda kuelekea Heru Juu, dereva alitema mate upande wa kushoto mara nne, nami nilikuwa nahesabu. Katikati ya kuhesabu nikakumbuka jambo ambalo mama alikuwa akilisimulia. Nilipokuwa mdogo niliugua nikakataa kula, na kaka, naye bado mtoto, alikuwa akitafuna mahindi ya kuchoma mpaka yalainike, ananitia mdomoni kwa kidole. Ndivyo nilivyopona. Nilikuwa nikiisikia hadithi hiyo natoka nje.

Shemeji yangu alikuwa uani anachambua maharage. Alinitazama nikishuka kwenye pikipiki, akapiga makofi ya salamu, taratibu, bila kuinuka.

"Mwidiwe."

"Mwidiwe, shemeji."

"Ehe. Bwana afya. Choo kiko nyuma, ni kipya. Anza huko ndiyo uje usalimie watu."

Na mimi, Mungu anisamehe, niligeuka nikatazama. Kilikuwa na mlango. Kilikuwa na kibuyu chirizi, na kibuyu kilikuwa na maji. Nilipomrudia shemeji uso, alikuwa ameinamia maharage yake, mabega yanamtikisika.

Kaka alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti cha chini, blanketi limefunika magoti. Amebaki mifupa. Mikono ile iliyolima maharage ya karo yangu ya sekondari imekuwa myembamba kama ya mtoto. Chumba kilinukia mkojo kidogo, na pua yangu ikaandika kabla sijaizuia. Nilijichukia.

Nilimsalimu. Aligeuza uso kuitafuta sauti.

"Umekuja na mdomo?" aliuliza.

"Nimekuja nao, kaka."

"Ego," alisema, ndiyo ile ya Kiha. Akamwita mkewe. Shemeji akaingia na chungu kidogo, akakiweka katikati ya miguu ya mumewe, na mrija mmoja ndani. Sikuuliza walijuaje kwamba nakuja. Binti yangu anapenda simu.

Kaka aliinama akanywa. Midomo yake imepasuka, meno ya mbele hana, na mrija ulizama mpaka kwenye ufizi. Alivuta mara mbili, akautoa, akanyoosha mkono hewani upande niliokaa. Nikaupokea. Ncha yake iling'aa.

Sikukusudia lililofuata. Naapa. Nilipoangalia mikono yangu, leso ilikuwa imeshatoka mkobani na ncha ya mrija ilikuwa ndani yake, nimeifuta, mara moja, safi, kama mtu anayefuta miwani. Miaka sabini karibu, na mkono unafanya kazi bila kuniuliza. Kaka hakuona, haoni. Shemeji aliona. Alikuwa amesimama mlangoni, akakunja uso.

Nikaficha leso. Nikaweka mrija mdomoni. Basi nikafanya jambo baya zaidi: nikakaa na mrija mdomoni bila kuvuta, nikihesabu moja, mbili, tatu, kisha nikashusha pumzi kama mtu aliyeshiba.

"Tamu," nilisema.

"Hujavuta," alisema kaka. "Chungu kinalia mtu akivuta. Mimi ni kipofu, si kiziwi."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nilikuwa nimesafiri kutoka Kibondo ili kumdanganya mtu asiyeona, nyumbani kwake, na pombe yake. Wachafu niliowaandika kwenye fomu maisha yangu yote hawakuwahi kufanya uchafu wa namna ile. Nikainama nikavuta. Chungu kikalia. Pombe ilikuwa chachu, ina chengachenga za mtama, vuguvugu. Nikameza. Nikavuta tena ili nisipate nafasi ya kufikiri, nikameza, machozi yakanitoka, sijui kama ni ya kaka au ya kuzuia kutapika.

"Sasa umevuta," alisema. Akanyoosha mkono, nikamrudishia mrija.

Aliushika. Akaipapasa ncha kwa kidole gumba, akahisi ilivyolowa. Kisha akachukua pembe ya blanketi lake akaufuta. Aliufuta taratibu, akauzungusha, akaufuta upande wa pili, akaukung'uta kidogo, akaufuta tena.

Hakuna mtu aliyewahi kufuta kitu kwa sababu kimetoka mdomoni mwangu. Sikujua kinavyouma. Kinaingia tumboni na kukaa, na mtu huna la kujitetea, maana mdomo ni wako kweli na mate ni yako kweli. Niliwaona wale wakwe wamesimama na viatu vilivyolowa.

"Kaka," nilisema, "mbona unafuta?"

"Tulifundishwa na bwana afya."

Shemeji alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika mlango, akatoka nje, na huko nje tukamsikia akiendelea. Kaka hakucheka. Aliinama akanywa, mvuto mmoja mrefu kuliko nilivyodhani kifua chake kinaweza, kisha akatoa mrija mdomoni na kunyoosha mkono tena hewani, upande wangu.

Safari hii uzi wa mate ulining'inia kwenye ncha, nikauona vizuri sana kwa haya macho yasiyostaafu. Kinyaa hakikuwa kimeondoka. Leso ilikuwa pale pale, nusu nje ya mkoba. Niliuchukua mrija kama ulivyo nikavuta, na chungu kikalia, na kaka akasikia.