Kioo Kipya cha Daktari wa Meno

Daktari huyu wa meno alikuwa mkali kama wifi asiyesalimiwa. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, alifunga pazia, akawasha kioo cha kompyuta cha kusomea eksirei, akafungua picha ya majaribio: vipande vilivyopangwa kutoka cheusi kabisa hadi cheupe. Asipovitofautisha vyote, hafungui mlango. Wagonjwa wanune wanavyotaka.

Kioo kile kilipokufa, mwenye kliniki, bahili wa kupindukia, akaleta kingine, kipana, kinang'aa, cha kutazamia mpira. Daktari akakijaribu. Vile vipande vyeusi vikawa kitu kimoja.

"Hiki hakifai, bosi. Penye giza hakionyeshi kitu."

"Mzoea punda hapandi farasi," bosi akacheka. "Utazoea tu, daktari."

Daktari akalalamika tena, akapuuzwa, akachoka. Asubuhi moja hakufungua picha ya majaribio, na hakuifungua tena. Meno yalionekana meupe pee, wagonjwa wakafurahi. Hapo mimi namlaumu yeye kuliko yule bahili, maana yeye alijua.

Ndipo mdogo wake, mama wa watoto wawili, akaja analia maumivu ya taya. Dada mtu akampiga picha, akaitazama kwenye kioo kile.

"Mfupa mzima huu. Ni jino la mwisho tu. Tuling'oe."

"Afadhali, dada. Nilishaanza kuogopa."

Jino likatoka, kidonda hakikupona. Akampa dawa, akambadilishia, akamwambia avumilie. Shavu lilipovimba akampeleka hospitali kubwa, pamoja na ile picha ya mwanzo. Daktari wa huko akaifungua kwenye kioo chake, kioo hasa cha kazi hiyo. Chini ya jino la mwisho mfupa ulikuwa umeliwa kama nguo iliyoingiwa na nondo. Doa hilo jeusi lilikuwepo tangu siku ile ya picha.

"Ni saratani," akasema taratibu. "Na sasa imeshuka shingoni."

Dada alitoka nje akalia kwa sauti, watu wanamtazama. Kisha akarudi kitandani kwa mdogo wake, akamweleza yote bila kumtaja bosi.

"Kwa hiyo siku ile ningepona?"

"Pengine."

"Pengine, dada?"

"Ungepona."

Mgonjwa aliweka kiganja shavuni.

"Basi wanangu utawalea wewe," akasema. "Na wakiuliza mama yao alikufa kwa nini, uwajibu hivyo hivyo."