Kilomita Moja Upande wa Kulia

Nilijifunza kuendesha gari kwetu Buyenzi, Bujumbura, nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa fundi wa magari, naye ndiye aliyenifundisha. Usukani ulikuwa kushoto, sisi tukipita kulia, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaoishi vinginevyo. Kisha nikaolewa na dereva wa lori, mtu wa Mbale aliyeleta gari lake kutengenezwa kwa baba, naye akanihamishia Jinja.

Mume wangu alipeleka mizigo Juba, na kila safari ilimchukua wiki mbili au tatu. Gari dogo aliniachia mimi. Siku ya kwanza nilitaka kuwasha indiketa, nikawasha waipa, zikafuta kioo kikavu jua likiwaka. Nilipotafuta gia, mkono wangu wa kulia uligonga mlango. Niligonga mlango ule siku nzima, mpaka vifundo vya vidole vikavimba.

Jirani yetu alikuwa askari magereza mstaafu, mtu wa Kitgum, na mtaa mzima ulimwita Afande. Alinionea huruma, au pengine aliwaonea huruma waliokuwa wakipita barabarani. Kila asubuhi aliketi kando yangu tukaenda mpaka Budondo, ambako magari ni machache, tukarudi.

"Mama, kaa kushoto! Kushoto!" alipiga kelele. "Hii barabara si ya kwenu."

"Nimesikia, Afande."

"Wewe nasikia na masikio tu. Mikono bado hapana sikia."

Kiswahili chake alikipata kazini, kikabaki kuwa cha amri. Sokoni nako, nilipofungua kinywa, wauza ndizi walipunguza maneno, wakidhani mimi ni mke wa mwanajeshi, maana huku Kiswahili hujulikana kama lugha ya askari. Kwetu Kiswahili ndicho tunachobembelezea watoto. Hilo liliniuma kuliko vidole. Hata hivyo, kelele za Afande ndizo zilizokuwa Kiswahili changu cha kila siku, nami niliamka nikizisubiri.

Wiki ya tatu, dada wa mume wangu alinipigia simu kutoka kwao Nakaloke, karibu na Mbale. Mama yao alikuwa ameteleza uani, mguu umevimba, hawezi kusimama. Mume wangu alikuwa Juba. Afande alikuwa ameenda kwao kuzika.

"Wifi, wewe ndiye mwenye gari," aliniambia. "Njoo."

Mpaka Iganga nililifuata lori moja kama mkia wake. Niliposhika njia ya Tirinyi magari yalipungua, na mashamba ya mpunga yakaanza kujitokeza bondeni. Adhuhuri nilisimama kwenye msikiti mdogo wa kando ya barabara nikasali. Nilipotoka, barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Nikawasha gari, nikaingia upande wa kulia.

Mwili wangu ukatulia. Mabega yalishuka, nikaacha kubana meno. Bonde lile la mpunga lilifanana na bonde la kwetu la Imbo, njia ya kwenda Cibitoke, ambako baba alizoea kunipeleka Jumapili. Nilimwona kabisa, amekaa kando yangu akimenya karanga, ananipa moja, anakula moja. Nilikuwa nikingoja tu lile daraja dogo la kwetu litokee, na wanawake wauzao nyanya kando yake.

Kilichotokea ni lori, usoni kwangu, likipiga honi. Nilikata usukani kushoto, nikavuka barabara, nikasimama kwenye majani, gari limezimika. Lori nalo lilisimama. Dereva wake alishuka akaja mbio.

"We mama, unatoka wapi?"

"Bujumbura."

Nadhani alitaka kunitukana, ila jibu lile lilimzuia. "Basi pole," alisema. "Lakini hapa ni kushoto."

Nikalia. Alidhani nalia kwa woga, akaniletea maji ya kunawa uso. Kumbe nililia kwa sababu nilikuwa nimefika nyumbani, na yeye amenitoa.

Nakaloke nilimkuta mama mkwe amelazwa mkekani. Tangu harusi tulikuwa hatujaambiana zaidi ya salamu. Tulimkalisha kiti cha mbele ili anyooshe mguu, tukaelekea Mbale. Kwenye mzunguko wenye mnara wa saa, pikipiki zikitumiminikia, alinishika mkono.

"Polepole, mwanangu. Umefikaje peke yako?"

"Nilipotea kidogo, Mama. Nilisahau niko nchi gani."

Tukamaliza mzunguko. Kisha akasema, "Hata mimi nililetwa huku na ndoa. Kwetu ni juu mlimani. Mwaka mzima niliamka nikiutafuta mlima nyuma ya nyumba, na hapa uko mbele."

Mguu ulikuwa umevunjika. Walimfunga plasta, nami nikabaki Nakaloke majuma mawili nikimpeleka hospitali na kumrudisha. Njiani alinisimulia habari za kwao, mimi nikamsimulia za ziwa letu. Mume wangu aliporudi kutoka Juba, mkono wangu wa kushoto ulishika gia bila kuambiwa.

Mwaka uliofuata nilienda kwetu kuwasalimia. Kaka yangu alikuwa amenunua gari, akanirushia funguo kwa furaha ili nimwendeshe, dada zetu wamwone. Nikafungua mlango wa kulia, nikaketi, nikanyoosha mikono. Mbele yangu hapakuwa na usukani. Kaka alisimama nje akinitazama.

"Dada, unataka nikuendeshe?"

"Ndiyo," nilimwambia, nikampa funguo dirishani. "Safari imenichosha."

Akaingia, akaendesha. Tulipofika njia ya ziwani nilimwomba apunguze mwendo. Aliniuliza kama nasikia kizunguzungu.

"Hapana," nilisema. "Nataka kutazama tu."