Kisu na Mtoto Mgongoni

Nikikatakata sukuma wiki, harufu yake mbichi hunirudisha jikoni kwetu Kitengela. Nilikuwa msichana mdogo, na kila nikishika kisu wazo lilinijia kwa nguvu: utamdunga mtoto. Huyo mtoto alikuwa ndugu yangu, na nilimpenda kupita kiasi. Siku moja nikakitupa kisu chini, nikamwambia mama yote huku nikilia.

Mama, aliyekuwa ametoka kazini kwenye shamba la maua Isinya, hakushtuka.

"Mawazo kama hayo hata mimi hunijia. Yaache yapite, wewe kata mboga."

Akanifunga mtoto mgongoni kwa leso, akanirudishia kisu, akaenda kuwasha jiko. Hakugeuka kuniangalia hata mara moja.

Leo wazo limekuja tena, binti yangu akiwa amelala mgongoni mwangu. Nimelisikia, na mboga nimeikata nyembamba kama ya mama.