Shangazi wa Watoto Wote

Palikuwa na mwanamke mmoja ambaye kila asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, alikagua vidole vyake kama mtu anayetafuta mwiba. Alikuwa anatafuta chaki. Ukishakuwa mwalimu miaka mingi, chaki hukaa kwenye mikunjo ya ngozi kama masizi kwenye sufuria, na katika mji ule chaki ilikuwa imeshaua mtu.

Waliofanya hivyo walijulikana, ila hakuna aliyewataja. Watu walisema "wale" tu, tena kwa kushusha sauti, kama unavyomsema mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Wale hawakutaka shule, wakaanza kwa kuchoma ofisi ya mwalimu mkuu. Halafu wakampiga risasi mwalimu wa hesabu mbele ya duka, mkate ungali mkononi. Kuanzia hapo mji ukawa unapungua kama kipande cha sabuni. Mwalimu mkuu aliaga kwamba anakwenda kumwona mama yake mgonjwa, na mama huyo hajapona mpaka leo. Posta ikafungwa. Hakimu akahama. Fundi wa bomba akaondoka na funguo zake, watu wakarudi kuchota maji mtoni. Daktari akaenda semina, sasa sijui ni semina gani hiyo isiyo na mwisho, na pale zahanati akabaki nesi mmoja mzee mwenye ulimi mchungu kuliko sindano zake. Yeye alisema hahami, kwa sababu kabati lake halipiti mlangoni.

Upande wa walimu alibaki huyu mwanamke. Wala hakuwa shujaa. Alikuwa mwoga wa kuzaliwa; paka akitua juu ya bati, yeye ndiye wa kwanza kukaa kitako kitandani. Alibaki kwa sababu mumewe ana karakana ya useremala, na mama mkwe presha haimruhusu kusafiri. Tena watoto walikuja wakasimama mlangoni wakauliza shule itafunguliwa lini. Mtu mzima utajibu nini?

Basi shule ikahamia karakana. Watoto waliingia mmojammoja, huyu na kipande cha ubao, huyu na chupa tupu ya vanishi, kama waliotumwa na wazazi wao. Wakaketi nyuma ya milango mipya iliyoegemezwa ukutani. Mume alikaa mbele, upande wa barabara, akigonga nyundo ili sauti za kusoma zisitoke nje. Nyundo ikigonga, someni. Nyundo ikinyamaza, vibao vya kuandikia vinafukiwa kwenye maranda na kila mtoto anashika msasa, anasugua. Alikuwa akigonga hata pasipo na cha kugonga. Kiti kimoja kilipata misumari mingi mpaka mwenyewe alipokuja kukichukua akauliza, "Fundi, hiki ni kiti au nungunungu?"

Usiku mume hakuwa anacheka. "Mke wangu, tuache," alikuwa akisema. "Hata maji ya mtungi yana mwisho."

"Tutaacha," mkewe anajibu. "Wakishamaliza kugawanya."

"Wakimaliza kugawanya utasema sehemu. Nakujua mimi."

Walipanga kila walichoweza kupanga. Vidole vilisuguliwa kwa tambara la mafuta ya taa. Neno mwalimu likapigwa marufuku; aliitwa shangazi, karakanani na barabarani, na mtoto aliyeteleza alinyimwa kuzungumza siku nzima. Walishika upesi. Watoto wa mahali pa hofu hushika mambo upesi, ni jambo la kusikitisha. Kitu kimoja tu aliwaachia. Kila alipoingia kutoka chumba cha ndani, walisimama wote kwa pamoja, kimya, wakangoja mpaka aseme, "Kaeni." Hilo alilipenda. Ndilo lililokuwa limebaki la shule yenyewe.

Ikafika siku ya matone ya chanjo. Mama mkwe alikuwa amemaliza vidonge vyake vya presha, kwa hiyo mwalimu akachukua kopo lililokwisha akapita njia ya nyuma, kwenye kamba za nguo, maana barabara kubwa alikuwa haipiti siku hizi. Ukipita hapo huoni mbele ya zahanati. Laiti angepita mbele, angeziona pikipiki mbili zisizo za mtu wa mji.

Akasukuma mlango wa uani, akaingia.

Watoto wa karakana walikuwa kwenye mabenchi, pamoja na mama zao na bibi zao, wanangoja matone. Katikati ya chumba walikuwa wale, vijana watatu. Mmoja kanyoosha mkono wenye jeraha kwa nesi, wawili wana bunduki. Kijana mrefu alikuwa anamalizia kuuliza: "...yule mwalimu aliyebaki, nani anamjua?" Mlango ukalia nyuma.

Watoto wakasimama. Wote, kwa pamoja, mikono ubavuni.

Hawakumwita mwalimu. Midomo ilikumbuka, miguu ikasahau.

Mwalimu alitaka kusema kaeni, neno likafika ulimini akalimeza. Walikuwa wanamtazama yeye, wanangoja, na mrefu alikuwa anawatazama wao, halafu taratibu akageuza shingo kufuata macho yao.

"Nyie!" nesi alifoka mpaka bandeji ikamtoka mkononi. "Nimesema anayefuata! Anayefuata ni mmoja, si ukoo mzima! Mnagombania matone kama pipi? Na wewe shangazi mtu, ndiyo saa za kuleta kopo hizi? Njoo unishikie beseni, unashangaa nini kama umeona mkwe?"

Miguu ya mwalimu ilikwenda yenyewe. Akashika beseni. Mkasi uliokuwamo ukawa unagonga pembeni, ti, ti, ti. Akaliegemeza tumboni ili linyamaze.

Mrefu alimwinamia mtoto wa mbele, msichana mwenye pengo. "Huyu ni nani?"

"Shangazi."

"Shangazi yako?"

"Ndiyo."

Akamgeukia wa pili. "Na wewe?"

"Shangazi."

"Na wewe?"

"Na mimi shangazi."

Kijana akanyooka. "Shangazi gani huyu ana watoto wa kaka wa kujaza benchi mbili?"

Aliyekuwa anafungwa jeraha akaacha kuguna. Ndipo bibi mmoja kwenye kona, wala hakuinua macho, akasema, "Mwanangu, wewe babu yao humjui. Mzee alizaa mtaa mzima yule. Ukirusha jiwe usiku, atakayelia ni mjukuu wake."

Mwenye jeraha akacheka, akaumia, akacheka tena. Mrefu hakucheka. Alimsogelea mwalimu, akamshika mkono uliokuwa chini ya beseni, akaugeuza, akatazama vidole kimoja baada ya kingine. Akanusa.

"Unanuka nini?"

"Mafuta ya taa. Na vanishi. Mume wangu seremala."

Aliushikilia ule mkono kwa muda ambao mwalimu alimwona mumewe, akaiona nyundo, akaona mama mkwe anangoja vidonge. Kisha akauachia. Watoto walikuwa bado wamesimama. Kijana aliwatazama, mikono ile ubavuni, visigino vile vimeungana, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya nyumba aliyokulia.

Nesi alipofunga fundo la mwisho, wakatoka. Mrefu alikuwa wa mwisho. Alipopita karibu na mwalimu hakusimama. Akasema chini chini, asikie yeye peke yake:

"Shangazi. Wafundishe kukaa."

Pikipiki zikanguruma zikaondoka. Beseni likaanguka. Nesi akakaa juu ya benchi la watoto, yeye ambaye hakai, akasema, "Mungu wangu, nimemfunga mkono usioumwa, nadhani," na wanawake wakacheka huku wanalia.

Mwalimu hakucheka. Aliyabeba yale maneno mpaka nyumbani, na jioni akayaweka mbele ya mumewe. Kamwonya? Au kamwekea alama, atarudi? Mume aliyageuza huku na huku kama ubao wenye ufa, asijue upande wa kukatia.

"Amekujua," alisema mwishowe.

"Amenijua."

"Basi tuache."

"Watakuja asubuhi. Nikiwakuta mlangoni niwaambie nini?"

Asubuhi mume alichukua nyundo akaenda mbele kukaa.

Siku ile hawakugawanya. Mwalimu aliingia kutoka ndani, wakasimama. Akatoka. Akaingia, wakasimama, wakakumbuka, wakaanguka kwenye viti kwa kishindo. Akatoka tena. Mara nyingine alisimama mmoja, mara nyingine wawili, na yule wa pengo alijishika magoti kwa mikono yote miwili, anasukuma chini kama anayezuia mfuniko wa sufuria inayochemka. Mwishowe aliingia na hakuna aliyetikisika. Walikaa wakisugua mbao, macho chini, kama watoto wa watu asiowajua walioingia kwa bahati mbaya nyumbani kwake.

Naye akabaki mlangoni, hajui aanze vipi. Miaka yote kazi yake ilianza kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa kaeni.

Kwa mbele nyundo ikanyamaza.

Vibao vikazama kwenye maranda. Hakuna aliyesimama. Mwalimu aliifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena, akausikiliza ule ukimya wa barabarani kwa mwili mzima.

"Ni mimi," sauti ya mumewe ikaja, kavu. "Msumari umeniangukia. Nautafuta."

Walingoja. Alichelewa kuuona, au vidole vyake vilikataa kuushika. Kisha nyundo ikaanza tena, taratibu, na watoto wakaingiza mikono kwenye maranda kutafuta vibao vyao.